Mwalimu Mwenye Wito Naye Huchoka: Dhana Potofu Kuhusu Afya ya Akili Shuleni

Mwenzangu mmoja katika ofisi ya walimu aliacha kusahihisha. Madaftari yalirundikana mezani kwake wiki tatu, mpaka akaandikiwa barua ya kujieleza. Sisi tuliokaa naye meza moja tulisema amekuwa mvivu. Hakuna aliyemuuliza analalaje usiku. Kosa hilo linaniuma hadi leo, na ndilo linalonisukuma kuyataja haya tunayoaminishana shuleni.

“Ualimu ni wito, mwenye wito hachoki.”

Sijui kauli iliyowanyamazisha walimu kuliko hii. Wito haupunguzi madaftari. Tanzania ilipoondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani waliandikishwa kwa wingi. Lilikuwa jambo jema kabisa, ila walimu na madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwenye darasa la watoto 110 akitoa zoezi moja la Hisabati lenye maswali kumi, ana majibu 1,100 ya kukagua. Hapo bado maandalio ya somo, bado wiki ya zamu, bado mzazi anayepiga simu saa tatu usiku. Na wengi niliowaona wakielemewa ni wale wanaojali. Asiyejali hupiga tiki bila kusoma, akaenda zake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu wa namna hii katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa. Liliuita hali itokanayo na kazi, inayozaliwa na msongo wa kazini usioshughulikiwa: nguvu zinakwisha, moyo unaiacha kazi, na mtu anajiona hafanyi lolote la maana. Kwa hiyo hata ile imani kwamba likizo ya Desemba itamponya ina kasoro. Likizo itampumzisha, lakini Januari akirudi akakuta mzigo uleule, kufikia Machi yuko palepale. Mkuu wa shule hawezi kuajiri walimu, ila anaweza kugawa zamu kwa haki, kufupisha vikao, na kumpunguzia vipindi kwa muda aliyefiwa au anayeuguza.

“Mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makopo.”

Kwa picha hiyo, mwalimu anayevaa nadhifu na kufika saa moja asubuhi hawezi kuwa mgonjwa. Naye mwenyewe hathubutu kusema, maana mtu akishatajiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, utani unaanza. Ukweli ni kwamba sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi uliokithiri ni vya kawaida kuliko yale magonjwa yanayoonekana barabarani. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, akiwa na huzuni au akiwa hana hamu hata ya vitu alivyovipenda, huku usingizi, hamu ya kula na umakini vikiyumba, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Kwa mwalimu utaliona kwa madogo: anakaripia darasa alilokuwa akilipenda, anaomba ruhusa kila Jumatatu, anakaa peke yake wakati wa chai. Sonona inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa zake huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, hivyo anayeziacha siku ya tano akisema hazifai hajazipa nafasi.

“Akibanwa ndipo matokeo yatapanda.”

Februari 2009, wilayani Bukoba, walimu 19 wa shule za msingi walichapwa viboko kwa amri ya mkuu wa wilaya, kwa madai ya uchelewaji na matokeo mabaya ya mitihani. Rais Kikwete alimfuta kazi kiongozi huyo. Viboko vile viliwashtua watu, lakini kumfokea mwalimu mbele ya wanafunzi wake bado kunaonekana uongozi makini. Mimi naona ni kumvunja. Baada ya hapo atafika mapema na kusaini daftari la mahudhurio, na darasani atakuwepo mwili tu.

“Madeni ni mambo yake binafsi.”

Aliyekopa “kausha damu”, mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, na kumwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri hauoni mshahara wake. Anafundisha mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Usitegemee akili yake itulie kwenye sehemu na desimali.

“Usimuulize kuhusu kujiua, utamtia wazo.”

Kuuliza hakupandikizi wazo. Humpa nafasi ya kulitoa alilokwisha kulibeba. Muulize waziwazi, kwa upole, mkiwa wawili. Akikubali kwamba analo, usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa zilizo karibu, mfikishe hospitali siku hiyohiyo. Wengi huficha kwa kuogopa polisi, na hofu hiyo haikutoka hewani: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na Mahakama Kuu ya huko ikakibatilisha Januari 2025. Nasi tungekiondoa chetu.

“Afya ya akili shuleni ni ya walimu na wanafunzi.”

Shule ina matroni, mpishi, mhasibu, mlinzi. Mtoto akianguka kifafa bwenini saa nane usiku, wa kwanza kumshika ni matroni, na asubuhi kazi yake inaendelea kama kawaida. Mwanafunzi akifariki, anayeitwa kuja kufariji huongea na darasa la marehemu, pengine na walimu. Mlinzi aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi kwa jina yuko palepale getini, anayafungulia magari ya msiba.