Wastani wa jinsia ni 1.46

"Dokta, data nimeshaingiza, SPSS itamalizia." Tangu muhula uanze nimeisikia kauli hiyo mara tatu, na SPSS ni programu tu ya kuchakata takwimu. Haitamalizia.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, sosholojia, aliniletea sura ya nne ya ripoti yake. Wahojiwa 50, wanaume kawapa namba 1, wanawake 2. Chini ya jedwali kaandika: wastani wa jinsia ni 1.46, mchepuko sanifu (kipimo cha namba zilivyotawanyika) 0.50. Nikamuuliza, huyo wa 1.46 ukikutana naye Kariakoo utamwita kaka au dada? Akacheka, ila kosa hakuliona, na kijana wa steshenari aliyemlipa amchakatie data hakuliona pia. Programu haikulalamika kwa sababu kwake 1 na 2 ni namba tu. Kwamba hizo ni lebo, kama namba za jezi, anapaswa kujua mtafiti. Na jibu alikuwa nalo mkononi: toa 1, inabaki 0.46, yaani asilimia 46 ni wanawake, watu 23. Hiyo nayo inataka kompyuta?

Ndiyo maana wanafunzi ninaowasimamia hawaifungui SPSS kabla ya kuhesabu dodoso 20 kwa mkono, kwa vijiti kwenye daftari. Na kabla ya kwenda fildi wananichorea majedwali matupu. Wananung'unika, wanung'unike tu. Jedwali tupu likikushinda kulichora, swali lako la utafiti bado halijakaa sawa.

"Nilisoma HGL nikimbie hesabu," wananiambia wengine, yaani tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiingereza. Takwimu zenu nyingi ni kujumlisha na kugawanya, na hisabati mlisoma hadi kidato cha nne. Kigumu ni kujua unagawanya kwa idadi ipi: asilimia 30 ya wanawake wote, au ya walioajiriwa?

"Sampuli lazima iwe asilimia 10 ya watu." Kwa sensa ya 2022 Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Utahoji laki tano kwa posho ya fildi? Sampuli nasibu ya 384, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, inakupa makadirio yenye kosa la hadi pointi 5 za asilimia juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, iwe Dar es Salaam au Tanzania nzima. Lakini iwe nasibu kweli. Marafiki 384 wa hosteli moja ni karatasi zilizopotea.

"P ikiwa chini ya 0.05, matokeo ni muhimu." P ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, kama kiuhalisia tofauti haipo. Sampuli ikiwa kubwa mno, hata tofauti isiyomhusu mtu itapita hapo. Niandikie kwanza tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani, nyota zako za kuonyesha P ndogo weka baadaye.