Kumnyima ng'ombe chakula hakurahisishi kuzaa

Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya wafugaji huonya kwamba ng'ombe wa nyama asipewe pumba, mashudu wala madini katika miezi 3 ya mwisho ya mimba, eti ndama atanenepa tumboni na kushindwa kutoka.

Ni kweli kwamba ndama hupata sehemu kubwa ya uzito wake katika kipindi hicho, na hapo ndipo dhana hii ilipopata mashiko. Hata hivyo, ukubwa wake hutegemea zaidi dume aliyempanda mama, huku nyonga nyembamba ya mtamba (ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa) na mkao mbaya wa ndama vikiongeza shida. Mama aliyenyimwa chakula huzaa ndama mwepesi kidogo tu, ilhali yeye mwenyewe hukosa nguvu za kusukuma, hutoa dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) hafifu na huchelewa kurudi kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa tena. Ng'ombe wanono kupita kiasi hupata taabu kweli, kwa kuwa mafuta hubana njia ya uzazi. Lakini hao, wakati wa kiangazi, ni wa kutafuta kwa tochi.

Mfugaji anaweza kuhakikisha mwenyewe kwa kutazama kumbukumbu zake, aone waliozaa kwa shida walipandwa na dume yupi. Akague pia mbavu na uti wa mgongo: katika kipimo cha unono cha 1 (aliyekonda sana) hadi 9 (mnono kupita kiasi), anayekaribia kuzaa anafaa kuwa na 5 au 6.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, na kwa mtamba aliyepandwa na dume mkubwa, mwarifu daktari wa mifugo mapema.