Hiyo RAM uliyoongeza haikufanya unachodhani

Wiki iliyopita aliingia kijana wa chuo, laptop kwapani, waya wa chaja umening'inia shingoni kama kipimo cha daktari. Salamu haijaisha vizuri: "Fundi, gemu ya Valorant inakwama. Niwekee RAM 16." Yaani GB 16 za kumbukumbu ya kazi ya mashine. Nikamuuliza inakwamaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanaloweshaje. "Si inakwama tu, fundi."

Huyo alikuwa wa tatu ndani ya wiki moja, na hapo sijahesabu wa WhatsApp. Kwa hiyo naandika mara moja, halafu kila anayekuja na wimbo huu nitamtumia linki, mimi niendelee na chai yangu.

Pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda seva ya gemu na kurudi, tuimalize haraka. Kama picha inateleza vizuri ila adui anarukaruka, risasi zimempata na hafi, au unatembea halafu unarudishwa ulikotoka, hilo ni la mtandao. Kagombane na bando lako. Kama picha yenyewe ndiyo inakatika, ukigeuza mausi chumba kinageuka kwa vipande, hiyo ndiyo FPS, idadi ya fremu zinazochorwa kwa sekunde, na hata ukivutiwa faiba hadi kitandani haibadiliki kitu. FPS 60 maana yake mashine ina milisekunde 16.7 za kuchora kila fremu. Ikichukua 33 umebaki na 30. Basi.

Sasa tuje kwenye RAM, ambako damu yangu inachemka.

Mashine ya kijana ni ThinkPad T480, mtumba, i5-8350U. Haina kadi ya picha; picha zinachorwa na UHD 620 iliyomo humo humo ndani ya prosesa. RAM ni GB 8, kipande kimoja. Si mashine mbovu kwa gemu hii. Riot wenyewe, waliotengeneza gemu, kwenye mahitaji ya chini ya Valorant, waliandika kwamba Intel HD 4000, picha ya ndani ya prosesa kama UHD, na RAM 4 zinatosha kufikia FPS 30, na HD 4000 ni ya mwaka 2012.

Akaniambia kuna fundi ameshampa bei: anatoa hiyo 8, anachomeka kipande kimoja cha 16. Nikamwambia ukifanya hivyo, kaka, utabaki ulipo ila mfuko utakuwa mwepesi. Nikaiwasha gemu, nikafungua pembeni Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha kipi kinatumika kiasi gani. Kwenye 8 imetumika 6 na ushee, diski imetulia. Yaani ndoo haijajaa, na mtu anataka ndoo kubwa zaidi.

Halafu nikafanya kitu ambacho ningejua kitaniponza nisingekifanya. Nilikuwa na kipande kingine cha 8 mezani. Nikakichomeka kwenye sloti iliyokuwa tupu, tukarudi kwenye gemu. FPS ikapanda, na si ya kutafuta kwa tochi. Hata aliyekuja kubandika kioo cha simu aliiona. Kijana akapiga meza: "Si nilikwambia fundi? Ni RAM!"

Hapo ndipo ninapochoka. Amepata jibu sahihi kwa hesabu mbovu, na sasa nina shahidi wa uongo anayezunguka chuo kizima.

Kilichotokea ni hiki. Kipande kimoja cha RAM kinaongea na prosesa kwa chaneli moja, yaani njia moja, ya biti 64. RAM ya aina yake, DDR4 ya kasi ya 2400, kwenye chaneli moja inapitisha GB 19.2 kwa sekunde. Ukiwa na vipande viwili kwenye sloti mbili, chaneli zinakuwa mbili, na kiwango kinafika GB 38.4. UHD 620 haina kumbukumbu yake; inachota kwenye RAM hiyo hiyo, ikigombania bomba na prosesa, Windows, Discord na zile tabo kumi na tisa ulizosahau kufunga. Linganisha na kadi ya picha ya GTX 1650 ya GDDR5, ambayo kumbukumbu yake yenyewe inapitisha GB 128 kwa sekunde bila kumwomba mtu. Tatizo la kijana lilikuwa bomba jembamba. Kipande kimoja cha 16 ni ndoo kubwa kwenye bomba lile lile: biti 64, GB 19.2. Vipande viwili vya 8 ni 16 pia, stika inasoma vilevile, lakini hizo ni mashine mbili tofauti.

Ukiniona mbishi, waulize Intel. Prosesa zao za kizazi cha 11 zenye Iris Xe, picha ya ndani yenye nguvu kuliko UHD, ukizipa RAM ya chaneli moja, Windows inaandika "UHD Graphics". Ongeza kipande cha pili, chipu ile ile inaanza kuitwa "Iris Xe". Nimeshaletewa laptop na mtu anayetaka kumpeleka muuzaji polisi, kwa sababu stika inasema Iris Xe na ndani anaona UHD. Hajaibiwa. Sloti moja iko tupu.

Na vipande visivyolingana je? 8 na 16 vinafanya kazi: 8 ya huku na 8 ya kule vinashirikiana kwa chaneli mbili, 8 iliyozidi inabaki na chaneli moja. Si safi, ila si dhambi. Mwenye kipande cha 4 cha zamani na hela ya 8 moja tu simfukuzi.

Kabla hujanunua, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza Memory, soma palipoandikwa Slots used. Ikiwa 1 of 2, njoo tuongee. Ikiwa 2 of 2, habari ya chaneli imeisha. Na zipo ambazo RAM imechomelewa kwenye bodi. Hizo omba dua.

Kuna mahali wingi wa RAM ndio ugonjwa wenyewe: mashine ya 4 yenye Windows 10, Chrome na diski ya kuzunguka. Hapo ongeza bila kuniuliza. Na ile video inayokufundisha kuingia kwenye rejista ya Windows ubadilishe VRAM, kumbukumbu ya picha, kutoka MB 128 iwe 512, iache. Unabadilisha namba ambayo gemu inaisoma, huongezi kitu. UHD inajichukulia RAM kadiri inavyohitaji. Ni sawa na kuandika "V8" kwenye bajaji.

Kwa wenye kadi ya picha ya pembeni, GTX na ndugu zake, nikiri kwamba sina jibu la mkato. Kadi ina kumbukumbu yake, kwa hiyo chaneli ya pili haipaswi kuleta maajabu. Lakini Valorant inaegemea sana prosesa, na prosesa nayo inakula kutoka kwenye RAM. Nimeona mashine iliyofaidika wazi, nimeona nyingine ambayo nikipima mara mbili bila kubadilisha chochote napata tofauti ileile niliyopata baada ya kuongeza kipande. Siku hizi napima kwenye uwanja wa mazoezi tu, sehemu moja, baada ya dakika kumi. Anayeniletea picha ya FPS aliyoipiga sekunde tano baada ya kuwasha gemu simsikilizi.

Kwa nini dakika kumi? Kwa sababu kijana wangu alirudi baada ya siku mbili. "Fundi, raundi tatu za kwanza tamu, halafu inaanza tena."

Hiyo i5 imejengwa kwa wati 15. Wati hizo wanagawana prosesa na UHD. Mwanzoni mashine inaruhusiwa kukopa, prosesa inapanda hadi GHz 3.6, deni likiiva inarudishwa kwenye bajeti yake. Hiyo ni kawaida hata kwa mashine mpya. Lakini kama feni imeziba, joto linakaribia nyuzi 100, na hapo inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Na hapa Dar, mwezi wa pili, chumba kina nyuzi 32 kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasha. Juu yake unaiweka kitandani, shuka inaziba matundu ya chini. Nilipofungua, nyuma ya feni nilikuta zulia dogo la vumbi. Ungeweza kulifumia soksi. Nikasafisha, nikaweka pesti mpya, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa.

Kuhusu pesti, kitu kimoja nisichopenda kukisema mbele ya wateja: kwenye prosesa ya wati 15 sijawahi kuona pesti ya bei mbaya ikiishinda ya bei ya kawaida kwa kiasi cha kujivunia. Pesti iliyokauka kama chaki ni tatizo. Jina lililoandikwa kwenye bomba la pesti, sidhani.

Kisha nikamfanyia kitu kilichomuudhi: nikaiwekea gemu kikomo cha FPS 60. "Fundi, nimekuja uongeze, wewe unapunguza?" Kioo chake ni cha Hz 60, yaani kinaonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Kikomo kikiwepo, UHD haipotezi wati kuchora fremu ambazo hakionyeshi kikamilifu, na wati zinabaki kwa ajili ya lile pigano la watu kumi na moshi. Ni kweli kwamba FPS za juu zinapunguza kidogo ucheleweshaji wa mausi hata kwenye kioo cha 60, na wajuzi watanirukia. Sawa, wako sahihi, kwenye mashine isiyochemka. Jicho halioni wastani. Wastani wa 70 wenye fremu kadhaa za milisekunde 50 katikati unachezeka vibaya kuliko 50 isiyotikisika. Halafu nikamshushia rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, ambayo ni asilimia 44 ya pikseli zilizokuwepo. Kwa bomba jembamba, hakuna dawa ya bure inayoizidi hiyo. Alilalamika maandishi yamekuwa na ukungu. Yamekuwa, ndiyo. Chagua.

Jana akanipigia simu: gemu iko poa, na anamleta rafiki yake. Rafiki akafika na laptop yenye vipande viwili vya 8, feni safi, kila kitu kwenye nafasi yake. "Fundi, mwenzangu umemwongezea RAM ikakaa sawa. Mimi niwekee 32."

Nikamuuliza inakwamaje. Wakati anatafuta jibu, nikaangalia chaja inayoilisha laptop yake ubavuni. Chaja ya simu.