Kuvuka mwaka bila yeye

Kila shule zinapofungwa mwisho wa mwaka, simu yangu hapa Eastlands, Nairobi, huanza kulia kwa namna moja. Mtu alifiwa Februari, au Juni, akajikaza miezi yote hiyo, na sasa nyimbo za Krismasi zimeanza redioni na nauli ya kwenda mashambani imeanza kupanda. "Dada, nitaingiaje pale nyumbani?" Mimi ni mshauri nasaha wa wafiwa na ni Mkristo. Swali hilo nimewahi kuliuliza mwenyewe, mwaka tuliomzika mama Septemba.

Nairobi humsitiri mfiwa. Unapanda matatu alfajiri, unarudi usiku, na jirani wa ploti hajui hata jina la uliyempoteza. Lakini Desemba jiji humwaga watu wake, na kwa wengi wetu kaburi liko palepale bomani. Nilipofika, mashada yalikuwa yamekauka, zimebaki waya na utepe uliopauka. Udongo ulikuwa umetitia upande mmoja, na kuku alikuwa akichakura juu yake. Nilisimama na mkoba begani, nisijue niingie ndani kwanza au niende kule. Tangu siku hiyo huwaambia ninaowahudumia: amua ukiwa bado Nairobi. Utaenda kaburini lini, na nani? Na ni nani atakayewapokea wale shangazi watakaokuja kutoa pole upya, kana kwamba maziko yalikuwa jana? Watoto nao waambiwe ukweli kabla ya safari. "Baba amesafiri" haina mahali pa kusimama mtoto akishaona msalaba wenye jina lake.

Ila linalonikereketa zaidi ni shukrani, maana hapo ndipo watu wa imani huumizwa na watu wa imani.

Usiku wa tarehe 31 makanisa mengi hapa hukesha. Maikrofoni inapitishwa. "Namshukuru Mungu kwa kunivusha mwaka, mimi na watoto wangu wote." Amina! Mjane aliyeketi nyuma anajiuliza: na wangu, mbona hakuvushwa? Akilia, jirani mwema anamnong'oneza: "Shukuruni kwa kila jambo."

Maneno hayo ni ya 1 Wathesalonike 5:18. Kwa Kiswahili, "kwa kila jambo" huweza kusikika kama "kwa sababu ya kila jambo", yaani shukuru kwamba amekufa. Kigiriki cha Paulo ni "en panti", katika kila jambo. Kwa mtu aliyezika, tofauti hiyo ni kubwa mno. Hukuagizwa umshukuru Mungu kwa saratani wala kwa ajali. Ukiwa ndani ya msiba wenyewe unaweza kushukuru kwa kilichokuwa chema kweli, na kibaya ukaendelea kukiita kibaya. Zaburi ya 88 ni kilio kinachoishia gizani, hakuna sifa za kufungia, na bado waumini wameisali karne na karne. Kwa hiyo anayelalamika mbele za Mungu bado anasali. Mimi nilisali hivyo miezi mingi.

Wapo pia wanaojilaumu kwa kucheka. Mchana alicheka na binamu zake, jioni akiosha sufuria akalia, kisha akajiona mnafiki. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anaikabili huzuni, mara anaiweka kando ashughulikie maisha, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomsaidia. Wala usijipime kwa zile hatua 5 za huzuni, kuanzia kukana hadi kukubali, za daktari Elisabeth Kübler-Ross. Kitabu chake cha 1969 kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe.

Iwapo miezi 6 imepita na bado huwezi kula, kufanya kazi wala kuwaangalia watoto, tafuta msaada. Shirika la Afya Duniani linaitambua huzuni ya namna hiyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Na ukianza kutamani kufa, usingoje sikukuu ziishe. Mwambie mtu leo, aende nawe hospitali.

Mama mmoja ameniruhusu nisimulie yake bila jina. Mumewe alikuwa dereva, na kila mkesha wa Krismasi ndiye aliyekanda unga wa chapati, mikono ya shati imekunjwa, haruhusu mtu kumsaidia. Mwaka ule mama alinunua kilo 4 za unga kwa mazoea, akafika nazo nyumbani, ndipo akakumbuka. Aliketi jikoni akiitazama ile mifuko hadi giza likaingia. Kijana wake wa miaka 14 akaja, akaosha mikono, akamimina unga kwenye karai. Maji yalizidi. Akaongeza unga, ukawa mgumu, akakanda tu.

Chapati zilitoka ngumu, wakazila zote. Kabla ya kula, badala ya sala ya kawaida, kila mmoja alimshukuru Mungu kwa kitu kimoja cha baba. Mdogo kabisa alisema: "Kwa sababu alikuwa ananipa ile ya kwanza." Mama akashindwa kusema amina. Kijana aliichukua iliyokuwa juu kabisa, bado ya moto, akamwekea mdogo wake.