Programu Kukubali Si Jibu Kuwa Sahihi

Wanafunzi wa uhandisi wana kauli moja isiyoisha maabara: "Mwalimu, programu imekubali." Ukiwauliza wamejuaje kuwa jibu ni sahihi, wanakwambia haijaleta kosa lolote. Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote.

Kompyuta hukagua kama umefuata kanuni za lugha, boriti haiijui. Chukua boriti ya chuma ya mita 6 iliyoegemezwa ncha zote mbili, mzigo (w) wa kilonewtoni 10 kwa kila mita, E (kipimo cha ugumu wa chuma) ya GPa 200 na I (kipimo cha umbo la mkato wa boriti) ya sm⁴ 8,000. Katikati inanepa kwa 5wL⁴/384EI, L ikiwa urefu, yaani takriban milimita 10.5. Mwanafunzi anaandika kwa lugha ya C: 5/384*w*pow(L,4)/(E*I). Programu inakubali, jibu linatoka sifuri. C ikigawanya namba kamili kwa namba kamili huondoa desimali, hivyo 5/384 ni 0 na kila unachokizidisha nayo kinafutika. Andika 5.0/384.0.

Aliyehamia lugha ya Python naye anaandika 6^4 akidhani ni kipeo. Anapata 2 badala ya 1,296, kwa sababu alama hiyo ni ya hesabu za biti; kipeo ni 6**4. Na sin(30) humpa -0.988, maana pembe inasomwa kwa radiani, si kwa digrii.

Sifuri walau inatia shaka. Ukisahau kugeuza kilonewtoni kuwa newtoni, unapata milimita 0.0105: tarakimu zilezile, boriti imekuwa ngumu mara elfu. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa kosa la aina hii. Programu moja ilitoa msukumo kwa paundi-sekunde, iliyoupokea ikausoma kama newtoni-sekunde. Zote mbili zilikuwa "zimekubali".

Kwa hiyo, tafadhali, kabla ya kugusa kibodi piga kwa kalkuleta mfano mmoja ambao jibu lake linajulikana, na uubakize karibu. Kando ya kila kigeu andika kipimo chake. Kwenye milinganyo tofautishi, punguza ukubwa wa hatua ya hesabu kwa nusu uone kosa la jibu linavyoshuka: kwa mbinu ya Euler libaki karibu nusu, kwa Runge-Kutta ya daraja la nne karibu sehemu moja ya 16. Lisiposhuka hivyo hata hatua zikiwa ndogo, kagua kodi yako (maandishi ya programu) kwanza, usiilaumu mbinu.

Eti bila leptopu ya bei kubwa huwezi? Kwa mazoezi ya mwaka wa kwanza na wa pili, mashine ya zamani yenye RAM ya GB 4 inatosha.

Eti MATLAB ndiyo lugha ya wahandisi, na leseni ni ghali? GNU Octave, programu inayofanana nayo, ni ya bure na huendesha sehemu kubwa ya faili za MATLAB (.m) za kozi za mwanzo.

Eti lazima ukariri amri zote? Hapana, kurasa za msaada zimewekwa zisomwe.

Na wale wanaosema kodi ya mwenzao wameisoma na wameielewa: funga faili lake, fungua jipya tupu, uiandike upya bila kuchungulia. Mstari utakaokukwamisha ndio ambao hukuuelewa. Rudi kwenye huo.