Lava ya mwaka 1986 iliyosoma miaka 350,000: hoja hii hujibiwaje?

Ukijadiliana na watetezi wa dunia changa, wale wanaosema dunia iliumbwa miaka kama 6,000 iliyopita, hoja nyingine huisha kwa sentensi moja. Ile ya kanuni ya pili ya thamodinamiki, kwamba vitu vikiachwa vyenyewe huelekea kuvurugika na hivyo uhai usingeweza kujiendeleza, huanguka ukikumbusha tu kwamba dunia hupokea nishati ya jua kila siku. Hoja ya umri wa miamba si hivyo. Ina vipimo ndani yake, na mwanasayansi anayeicheka bila kuijibu huwapoteza wasikilizaji hata akiwa na haki.

Yenyewe ni hii. Mwaka 1986 lava iliganda kwenye kasoko ya Mount St. Helens, Marekani. Miaka michache baadaye Steven Austin, mwanajiolojia mtetezi wa uumbaji, alipeleka sampuli maabara zipimwe kwa njia ya potasiamu na argoni. Jiwe zima lilisoma miaka 350,000 hivi. Baadhi ya madini yake yakafika milioni 2.8. Kama jiwe lisilotimiza hata miaka kumi linasoma hivyo, wanauliza, hayo mamilioni mengine tuyaamini vipi?

Usiyakane matokeo, yaeleze. Potasiamu-40 hugeuka argoni-40 polepole mno: nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kugeuka, ni miaka bilioni 1.25. Njia hii huchukulia kwamba lava, ikiwa bado ya moto, imeachia argoni yote ya zamani. Lakini lava ile ilipanda na fuwele zilizokwisha kuganda huko chini kabla ya kutoka, zikiwa na argoni yake ndani. Na kwa kuwa jiwe jipya halijatengeneza argoni yoyote ya kupimika, hicho kidogo kilichobaki ndicho kinachosomeka kama umri.

Hapo fanya hesabu mbele ya mtetezi unayejadiliana naye. Argoni ya ziada ya miaka 350,000 ikiingia kwenye jiwe la miaka milioni 100, kosa ni asilimia 0.35. Mizani ya magunia haiwi mbovu kwa kushindwa kupima pete.

Tena tatizo hili wapimaji walilijua zamani. Mwaka 1969 Brent Dalrymple, mwanajiolojia wa Marekani, alichapisha vipimo vya lava 26 zilizotoka katika nyakati za kihistoria: 18 zilikuwa na argoni isiyotofautiana na ya hewani, yaani bila ziada. Leo hutumika zaidi njia ya argoni-argoni: sampuli hupigwa nyutroni katika kinu cha nyuklia, kisha hupashwa moto hatua kwa hatua. Umri ukiyumba kutoka hatua moja hadi nyingine, unajua kuna kitu cha kigeni ndani. Kwa njia hiyo mawe ya Vesuvius, volkeno ya Italia, ya mwaka 79 BK yalipimwa, na matokeo yaliyochapishwa 1997 yakawa miaka 1,925, kwa kosa la 94 juu au chini. Umri halisi ulikuwa 1,918.

Mtetezi atahamia kwenye kaboni-14 iliyopatikana katika makaa ya mawe na almasi: kama kweli vina mamilioni ya miaka, atasema, ingekuwa imekwisha yote. Nusu-maisha yake ni miaka 5,730, kwa hiyo kaboni mpya ya asilimia 0.2 tu ikiingia wakati wa kuandaa sampuli, kitu kisicho na kaboni-14 kabisa kitasoma miaka kama 50,000. Mimi huuliza swali moja hapa: kwa nini kisome 50,000, si 6,000? Atasema zamani kaboni-14 ilikuwa chache hewani. Basi amekwisha kuacha kipimo, anakisahihisha ili kifike anakotaka.

Ngome ya mwisho huwa ni kwamba zamani mnururisho, yaani kule kugeuka kwa atomi kama potasiamu-40, ulikwenda mbio. Muulize joto lilikwenda wapi. Mnururisho wa mabilioni ya miaka ukibanwa katika mwaka mmoja, joto lake lingeyeyusha miamba ileile tunayoipima. Watafiti wa uumbaji waliopendekeza wazo hilo wenyewe walikiri, mwaka 2005, kwamba tatizo la joto hawajalitatua.