Mzee katoka kwenye kiharusi, lakini maneno hayatoki

Baba yetu, mwanajeshi mstaafu wa Bombo, Uganda, anatembea tena baada ya kiharusi. Ila akitaka kusema, maneno yanakwama. Je, akili imeharibika?

Hapana. Hiyo ni afasia. Kiharusi kimejeruhi sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto. Humpata takriban mtu 1 kati ya 3 wanaougua kiharusi. Wengine huelewa kila kitu ila hawatoi neno. Wengine humwaga maneno yasiyoeleweka bila kujua, na hao ndio majirani husema wamerogwa. Mzee wenu anajua vizuri nani kaja kumwona na nani hakuja.

Mbona anasalimia, anahesabu na kusoma Alhamdu yote, lakini hawezi kuomba maji? Anajifanya?

Hajifanyi hata kidogo. Maneno yaliyozoeleka kwa miaka mingi, kama salamu, dua na nyimbo, hutoka yenyewe. Kuomba maji kunadai achague neno na kuunda sentensi papo hapo, na hapo ndipo penye jeraha. Mtaalamu wa tiba ya usemi huweza kuanzia kwenye hayo yaliyobaki: mgonjwa aimbe kwanza, kisha wimbo upunguzwe kidogo kidogo mpaka ayaseme maneno bila kuimba.

Wataalamu hao wapo Uganda?

Wapo, ingawa wachache, na wengi wako Kampala. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Wataalamu hao hupima pia kumeza: anayepaliwa kila akinywa uji apelekwe mapema, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Anajua Kinubi, Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Afundishwe ipi?

Mwelezeni mtaalamu zote, na alikuwa akizungumza ipi na nani. Lugha hazirudi lazima kwa kasi moja, na hakuna haja ya kumkataza yoyote. Kwa maoni yangu, picha za theluji na matofaa kutoka vitabu vya Ulaya ni kumchosha mzee bure. Mwekeeni sufuria, jembe, picha ya boda, picha za wajukuu.

Nyumbani tufanyeje?

Zimeni redio. Semeni sentensi fupi, bila kupaza sauti, kwani si kiziwi. Mwonyesheni vitu vyenyewe: chai au uji? Kisha subirini. Hapa ndipo familia nyingi hushindwa. Mtu anatafuta neno, binti keshamalizia. Akichora au kuonyesha kwa kidole, hayo nayo ni mazungumzo. Na msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo.

Miezi minane imepita. Tumechelewa?

Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini watu huendelea kupata maneno hata baada ya miaka, hasa wakifanya mazoezi mara kwa mara. Asiache dawa za presha kama ameandikiwa. Usemi ukiharibika ghafla zaidi ya ulivyokuwa, au mdomo ukienda upande, msingoje kesho: huenda ni kiharusi kipya, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.